Nyama moja, mboga tatu

Mama yangu akipiga simu kutoka Muheza, nikishamwamkia naye akaitikia marahaba, swali la kwanza halibadiliki: "Umekula nini leo?" Miaka minne ya mwanzo hapa Atlanta nilimdanganya. Nilimwambia ugali na mchicha, au wali maharage, kumbe nimekula mkate na mayai ndani ya gari, au ile pizza ya bei ya chini ambayo ikipoa inakuwa ubao. Jumamosi nilikuwa naendesha hadi Clarkston, mji mdogo mashariki mwa Atlanta uliojaa wakimbizi kutoka kila pembe ya dunia, kununua dona, dagaa na kisamvu cha kugandishwa kwenye duka la Wakongomani. Hicho ndicho nilichokiita chakula. Vingine vyote vilikuwa vya kutuliza njaa tu.

Aibu yenyewe ni hii. Kila siku ya kazi nilipita mbele ya mgahawa mmoja upande wa magharibi wa jiji. Dirisha limeandikwa kwa brashi, na kuanzia saa tano mchana foleni imeshatoka nje: mafundi wenye mabuti, manesi wenye sare, wazee waliovaa suti kana kwamba ni Jumapili. Wote weusi kama mimi. Sikuwahi kusimama. Waafrika wenzangu walionitangulia waliniambia nilipofika kwamba chakula cha Wamarekani weusi ni mafuta, chumvi na nguruwe, basi. Na waliyoyasema juu ya chakula walikuwa wakiyasema pia juu ya wapishi wake, ila kwa sauti ya chini zaidi. Nikayameza yote bila kutafuna.

Kilichonisimamisha ni pancha. Mvua inanyesha, tairi la akiba halina upepo, na fundi niliyempigia simu akaniambia atafika baada ya saa moja, yaani baada ya saa mbili. Nikaingia ndani kujikinga, na ukishaingia mahali penye harufu ile huwezi kujifanya umekuja kuangalia saa.

Utaratibu wao uliandikwa ubaoni: nyama moja, mboga tatu. Unachagua kitoweo kimoja, kisha mboga tatu kati ya kumi hivi zilizopangwa kwenye masinia ya moto, na kipande cha mkate wa mahindi juu. Nikauliza lile swali ambalo mtu wa Tanga hulibeba mfukoni popote aendako: mboga zimetiwa nguruwe? Kwetu nyama hiyo ina jina la utani, kitimoto, na kiti kilikuwa cha moto kweli kweli, maana nyuma yangu walisimama watu ishirini wenye njaa. Mama aliyekuwa kaunta hakukereka. "Bata mzinga," alisema. "Wa moshi. Nguruwe niliacha mume wangu alipopata presha." Nikachukua kambare aliyevingirishwa kwenye unga wa mahindi na kukaangwa, halafu kunde, bamia zilizopikwa na nyanya, na yale majani ya kijani meusi waliyoyaita "collards".

Nilipoweka majani mdomoni nilicheka peke yangu. Ilikuwa sukuma wiki.

Si mfano wake, ni mboga yenyewe, yale majani mapana ambayo Wakenya huyakatakata nyuzi nyuzi na kuyapitisha haraka kwenye mafuta na kitunguu. Hawa walikuwa wameyapika kama sisi tunavyopika kisamvu: moto mdogo, saa nyingi, mpaka jani linakata tamaa. Lilikuwa na uchachu kidogo wa siki na moshi wa ile nyama, na chini ya bakuli kulikuwa na supu ya kijani ambayo mzee wa meza ya jirani aliinywa kwa kuinua bakuli, kisha akajifuta mdomo bila haya. Nilitaka kumwaga pilipili kutoka kwenye chupa kabla sijaonja, na yule mama akanipigia kelele kutoka kaunta: onja kwanza! Baadaye nilijua kuwa nilikuwa nimefanya kosa la kiwango cha urais. Leah Chase, mpishi mashuhuri wa mgahawa wa Dooky Chase's kule New Orleans, alimkemea Barack Obama kwa kutia pilipili kwenye gumbo yake, ule mchuzi mzito wa Louisiana.

Kwangu ilikuwa saa sita mchana, kwa mama saa moja usiku, ametoka kuswali magharibi. Nikampigia mimi. "Nimekula kunde, bamia na samaki," nilimwambia. Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli, naye kwa mara ya kwanza hakuniamini.

*

Sitaki kujifanya kwamba nilikuta ndugu zangu wa damu. Watu weusi wa kusini mwa Marekani wengi wao mababu zao walichukuliwa Senegambia, Sierra Leone, Pwani ya Dhahabu, ghuba ya Nigeria, Kongo na Angola. Muheza ni mbali na huko. Lakini sahani ile ilikuwa na mambo ambayo mtu yeyote wa Afrika angeyasoma bila miwani. Kunde ni mbegu ya Afrika, na bamia pia. Ufuta, ambao pwani ya South Carolina bado wanauita "benne", ulivuka na jina lake kutoka Afrika Magharibi. Hata neno "gumbo" linatokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, kingombo au mfano wake.

Karanga ndiyo yenye safari ya ajabu. Asili yake ni Amerika Kusini. Wareno wakaileta Afrika, Wakongo wakaipa jina, nguba, kisha ikapandishwa merikebu pamoja na watu waliofungwa minyororo na kurudi upande ule ule ilikotoka, safari hii kaskazini. Hapa Georgia kando ya barabara kuu utaona vibao vya karanga za kuchemsha, zimo kwenye maganda yake, za moto na za chumvi, sawa na zile wanazouza watoto wakibisha madirisha ya mabasi kwetu. Wazee huziita "goober". Siku moja nilikuwa garini na rafiki yangu kutoka Uvira, nikamtajia neno hilo kama kichekesho. Akaruka kwenye kiti. "Eh! Nguba! Njo karanga ku Lingala!" Tukasimama tukanunua mifuko miwili. Muuzaji, mzungu mzee mwenye kofia ya majani, hakuelewa kwa nini wanaume wawili wazima wanalitaja jina la bidhaa yake mara kumi kumi huku wakicheka.

*

Nikawa mteja wa Jumanne. Jumanne kulikuwa na bamia, na foleni ilikuwa fupi.

Kosa langu la pili nililifanya wiki ya tatu. Kwetu humwiti mama mtu mzima kwa jina lake kavu. Unamwita mama, au shangazi, au unatafuta undugu wowote ule. Basi nikasema kwa Kiingereza, kwa heshima zote nilizolelewa nazo, "Asante, Auntie." Uso wake ukafunga kama duka. Alinihudumia vizuri, hakusema neno, na mimi nikala samaki wangu bila kujua nimekanyaga nini.

Wateja walipopungua akaja mezani akakaa. Akaniambia kwamba zamani, hapa hapa kusini, mzungu alikuwa hakubali kumwita mwanamke mweusi "Bibi fulani" kama alivyomwita mzungu mwenzake. Kijana wa miaka kumi na sita angemwita bibi kizee mweusi kwa jina lake la kwanza, na akitaka kuonekana mpole, angemwita "Auntie". Lilikuwa neno la kumkatalia mtu heshima yake huku ukitabasamu. Nikaelewa ghafla lile boksi la unga wa chapati za maji lililokaa madukani zaidi ya miaka mia, lenye picha ya mwanamke mweusi anayecheka na jina Aunt Jemima, na kwa nini mwaka 2020 kampuni ilitangaza kuliondoa jina hilo. Mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuigiza sura ile, Nancy Green, alizaliwa mtumwa. Mwaka 1893 alisimama kwenye maonyesho makubwa ya Chicago akikaanga chapati mbele ya umati, akiuza unga wa watu wengine.

Nami nikamweleza kwamba kwetu shangazi ni mtu mkubwa, shangazi anaweza kuzuia harusi. Akacheka sana. Lakini hakunipa ruhusa. "Niite Miss," alisema, "halafu jina langu lifuate." Ndivyo ninavyomwita hadi leo, na jina lenyewe nitalihifadhi.

Yeye ndiye aliyenielekeza niende nikaione barabara ya Martin Luther King. Zamani iliitwa Hunter Street, na mwaka 1947 ilizaa migahawa miwili ambayo bado ipo. Mmoja ni Busy Bee, ulioanzishwa na Lucy Jackson, aliyejulikana kwa jina la Mama Lucy, karibu na vyuo vya watu weusi vya Atlanta. Mwaka 2022 Busy Bee ulipata tuzo ya James Beard, ile wanayoipa migahawa ya kale ambayo huwezi kuiwazia mitaa yake bila hiyo. Foleni yake hutisha. Kuku wake wa kukaanga nilimla siku nyingine ambayo sitaijadili hapa na shehe wangu.

Mwingine ni Paschal's. Ndugu wawili, Robert na James Paschal, watoto wa Thomson, mji mdogo wa mashariki mwa Georgia, walifungua chumba cha viti 30. Jiko hawakuwa nalo. Robert alikuwa anakaanga kuku nyumbani kwake na kumleta dukani kwa teksi, kwa kuwa gari pia hawakuwa nalo. Ninapenda sana habari hii ya teksi. Yeyote aliyewahi kuanzisha biashara ya chakula kwetu anaifahamu bodaboda yake. Kufika mwaka 1960 walikuwa wamevuka barabara, wamejenga mgahawa mkubwa na ukumbi wa jazi ulioitwa La Carrousel, ambako weusi na wazungu walikaa meza moja wakati sheria na desturi za mji zilikataza. Mwaka 1967 wakaongeza hoteli ya kulala wageni.

Martin Luther King na wenzake walifanyia mikutano yao pale. Mwaka 1960 wanafunzi wa vyuo vya jirani walianza kukaa kwenye kaunta za chakula za katikati ya mji, wakikataa kuondoka mpaka wahudumiwe, na polisi wakawa wanawabeba. Wazazi walikuwa wakisubiri Paschal's usiku watoto watolewe mahabusu. Wakitoka, wanakuja kulishwa bure. Mwezi Oktoba mwaka huo King mwenyewe alikamatwa pamoja na wanafunzi katika duka kubwa la Rich's, kwa kosa la kutaka kuhudumiwa mahali ambapo pesa zao za nguo zilipokelewa ila midomo yao haikutakiwa mezani.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa foleni ile niliyokuwa nikiipita. Mtu mweusi wa Atlanta wa mwaka 1950 hakuwa na pa kula nje ya nyumba isipokuwa kwa mtu mweusi mwenzake. Akisafiri, alibeba chakula kwenye boksi la viatu, au kitabu cha Victor Hugo Green, tarishi wa Harlem aliyekuwa akichapa tangu mwaka 1936 orodha ya migahawa, nyumba za kulala na vituo vya mafuta ambako msafiri mweusi hatafukuzwa. Mgahawa uligeuka kuwa benki, ofisi ya posta, kamati ya msiba, na makao makuu ya vita.

Kuna upande wa pili wa habari, na siwezi kuuacha kwa sababu ndio uliomfanya Miss asonye alipousimulia. Mgahawa wa Pickrick, hapo hapo Atlanta, ulisifika kwa kuku wa kukaanga. Jikoni walifanya kazi watu weusi, kwenye meza walikaa wazungu peke yao. Sheria ya haki za raia, iliyokataza ubaguzi wa rangi migahawani, ilipopitishwa Julai 1964, wanafunzi watatu weusi wa theolojia walikuja kula. Mwenye mgahawa, Lester Maddox, aliwatimua akiwa na bastola, huku wateja wake wamekamata mipini ya mashoka. Badala ya kutii mahakama akaufunga mgahawa. Mwaka 1967 akaapishwa kuwa gavana wa Georgia. Kuku ni yule yule, mikono iliyomkaanga ni ile ile, na mpini wa shoka ukapata kura.

*

Montgomery, Alabama, ni saa mbili na nusu kwa gari kutoka Atlanta. Nilikwenda siku ya mapumziko, peke yangu, kutafuta nyumba ya mwanamke aliyepika. Niko tayari kubishana na yeyote kwamba Georgia Gilmore alikuwa mama ntilie. Kama hulifahamu neno hilo, ni wale akina mama wa kwetu wenye sufuria, mkaa na benchi la mbao, wanaolisha vibarua wa Dar es Salaam nzima, mteja akisema "mama, nitilie" na sahani ikajaa.

Gilmore alikuwa mpishi katika mgahawa wa wazungu mjini humo na mkunga pia, mama wa watoto wengi, mnene, mwenye mdomo usioogopa mtu. Desemba 1955 watu weusi wa Montgomery waligoma kupanda mabasi baada ya mwenzao Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Mgomo ulidumu siku 381. Watu wanaukumbuka kwa hotuba, lakini ukifikiria kidogo, ulikuwa suala la petroli. Maelfu ya watu walitakiwa kufika kazini kila asubuhi na kurudi kila jioni bila basi. Yalihitajika magari, matairi, mafuta, madereva, matengenezo. Nani alipe?

Gilmore akakusanya wanawake wenzake, wapishi na wafanyakazi wa ndani. Wakapika kuku, samaki, mboga, keki, pai za viazi vitamu, na kuviuza kwenye saluni, kwenye vituo vya teksi, milango ya nyuma. Wateja wengine walikuwa wazungu, ambao hawakujua kwamba kila kipande cha keki wanachokitafuna kinanunua petroli ya mgomo dhidi ya mabasi yao. Jumatatu, kwenye mkutano kanisani, Gilmore alisimama na kutoa hesabu ya wiki, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Fedha zimetoka wapi? Hakuna anayejua. Kikundi chao kiliitwa Club from Nowhere, yaani chama kisichotoka popote. Jina lilikuwa kinga. Mwanamke aliyejulikana kuchangia mgomo angeweza kupoteza kazi siku hiyo hiyo, na hata nyumba.

Mwaka 1956 King aliposhtakiwa kwa mgomo huo, Gilmore alipanda kizimbani kumtetea. Alieleza jinsi dereva wa basi alivyopokea nauli yake, akamwamuru ashuke na kuingilia mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi kabla hajaufikia. Mwajiri wake akamfukuza kazi. King akamshauri ajitegemee na akamsaidia mtaji wa vyombo, naye akaanza kupikia nyumbani kwake. Jikoni mwake, na sebuleni, na popote palipo na nafasi ya kusimama, walikula mawakili, wachungaji, vibarua, na wazungu waliokuja kimya kimya. Hakukuwa na kibao mlangoni.

Alifariki tarehe 7 Machi 1990. Siku hiyo ilikuwa miaka 25 kamili tangu polisi walipowapiga watu weusi walioandamana kudai haki ya kupiga kura pale Selma, Alabama hiyo hiyo, na asubuhi aliamka kuwapikia watu wa maadhimisho. Chakula kilikuwa kimeshaiva. Waliokuja msibani ndio waliokila.

Nilisimama nje ya nyumba ile kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu kusimama mbele ya nyumba. Kibao cha kumbukumbu kipo. Harufu ya chakula hakuna, na nilikuwa na njaa.

*

Mwaka 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi, orodha za migahawa ya watu weusi zilisambaa kwenye simu za kila mtu. Foleni ya Miss ilizunguka kona. Walikuja watu ambao hawajawahi kufika upande ule wa mji, wakapiga picha sahani, wakampongeza, wakamwambia wanamsikiliza. Aliajiri vijana wawili zaidi. Kufika masika ya mwaka uliofuata aliwaaga vijana hao, kwa kuwa foleni ilikuwa imerudi kuwa ile ile ya mafundi na manesi. Hakuwalaumu wageni wale. "Walikuja kwangu kama watu wanaokuja mazishini," aliniambia. "Kuagana."

Wafanyabiashara wa kwetu wana neno ambalo nimelitafutia tafsiri ya Kiingereza nimeshindwa: kuungisha. Muuza machungwa hakwambii "nunua". Anakwambia "niungishe", na ukimuungisha umemwezesha kufungua siku. Tendo hilo halina hisia nyingi wala picha. Unarudi kesho, unaungisha tena. Naona ndicho kilichopungua. Baada ya mwaka 1964 watu weusi waliruhusiwa kwenda kula kwa wazungu, na wakaenda, haki yao, waliipigania kwa meno. Lakini wazungu hawakumiminika kwa wingi ule ule kuja Hunter Street. Na juu ya Auburn Avenue, mtaa mwingine wa biashara za weusi wa Atlanta, serikali ilikuwa imeshapitisha barabara kuu iliyoukata vipande viwili. Kwa hiyo mgahawa kama wa Miss umeishi kwa watu wachache wasiochoka.

Na jengo si lake. Mwenye jengo aliuza, mwenye jengo mpya akaleta kodi ambayo Miss aliisoma mara mbili kisha akaikunja na kuiweka chini ya sinia la macaroni. Alifunga siku ya Ijumaa. Dirisha la brashi likakwanguliwa, na sasa panauzwa kahawa ya dola saba, nzuri tu kwa kweli, nimeinywa kwa hasira.

Miezi mitano baadaye nilipokea ujumbe: yuko ndani ya kituo cha mafuta, maili tatu kusini. Usishangae, hapa kusini baadhi ya vyakula vitamu kabisa hupikwa nyuma ya rafu za betri na oili. Kaunta ni ndogo, mboga zimebaki sita, meza mbili zinatikisika. Jumanne bado kuna bamia.

*

Mama alipata viza mwaka jana. Nilimpeleka makumbusho, nikampeleka kwenye kaburi la King, akasema dua. Jumanne nikampeleka kituo cha mafuta.

Alikaa na kanga yake kichwani kati ya watu wa mafuta na watu wa bahati nasibu, akaiangalia sahani kwa muda. Alianza na kunde, hakusema kitu. Mkate wa mahindi akaumega na kuunusa, akasema una sukari, kama mtu anayetoa taarifa. Alipofika kwenye majani akala yote, akainua bakuli, akanywa supu. Sikuwa nimemwonyesha.

"Mwite aliyepika."

Miss akaja akijifuta mikono. Mama akasimama, maana ni mgeni, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwambie dada, haya majani kayapika saa ngapi?"

Neno lile likanikwama kooni. Nilikumbuka uso uliofunga kama duka. Nikatafsiri polepole: mama anakuuliza wewe, dada yake. Miss akamtazama, akanitazama. "Mwambie dada yangu," alisema, "tangu saa kumi na moja alfajiri." Kisha akaingia nyuma ya kaunta, akarudi na koleo limeshika shingo ya bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, akamletea karibu na pua. Mama akanusa, akatikisa kichwa kukubali, akauliza kwa vidole kiasi gani. Miss akajibu kwa viganja. Mimi nikawa sina kazi tena pale, nikaenda kulipia petroli.

Niliporudi mama alikuwa anafungua fundo la kanga. Ndani kulikuwa na kikaratasi, na ndani ya kikaratasi iliki za Amani, za mlimani kwetu, ambazo nilikuwa nimemkataza kuzibeba kwenye ndege. Akazimimina kwenye kiganja cha Miss. Miss akasugua punje moja, akafumba macho, akatia zilizobaki kwenye mfuko wa aproni.

Mama ameshaondoka. Jumanne iliyofuata nilikuta pai ya viazi vitamu kaunta, ambayo si kawaida, pai ni za Ijumaa. Miss alinikatia kipande bila kuniuliza, akasimama akingoja. Iliki imezidi kidogo. Sikusema. Nikaomba kipande cha pili, akanifungashia na cha tatu.